Kupanda daraja kuna bei: Northern League na soka la miji midogo ya England

Ni ligi ya pili kwa ukongwe kati ya ligi zote za soka zinazochezwa hadi leo. Imetoa klabu zilizofika Ligi Kuu, imempeleka mwalimu wa shule timu ya taifa ya England, na imewapa Barcelona kocha. Historia yake inaeleza kwa nini ngazi ya soka ya England inasifiwa sana, na kwa nini kuipanda kumewashinda wengi.

Usiku mmoja wa Februari 1978, watu zaidi ya 42,000 walijaa uwanja wa St James' Park, Newcastle, na maelfu wengine wakafungiwa nje. Wenye uwanja, Newcastle United, hawakuwa wakicheza. Umati ule ulikuja kuiona Blyth Spartans, timu ya mji mdogo wa bandari na makaa ya mawe ulioko kaskazini mwa Newcastle, ambayo wachezaji wake walitoka kazini ndipo wakaenda uwanjani. Ilikuwa mechi ya marudiano ya raundi ya tano ya Kombe la FA dhidi ya Wrexham, na mshindi alikuwa anasubiriwa na Arsenal kwenye robo fainali. Tangu mwaka 1914 hakuna timu ya nje ya ligi za juu iliyokuwa imefika robo fainali.

Blyth walistahili kuwa pale. Raundi iliyotangulia waliwafunga Stoke City mabao 3-2 nyumbani kwao Stoke. Kisha wakaenda Wrexham, na hadi dakika za mwisho walikuwa mbele kwa bao 1-0. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi kiasi kwamba kibendera cha kona hakikushika chini vizuri. Wrexham wakapiga kona, Blyth wakaokoa, lakini mwamuzi akaona kibendera kimeanguka na kuamuru kona irudiwe. Iliporudiwa, Wrexham wakasawazisha. Kwenye marudiano pale Newcastle, Blyth walilala 2-1. Watu wa kaskazini-mashariki mwa England wanaisimulia kona ile hadi leo.

Kuna jambo moja ambalo masimulizi hayo hulisahau. Msimu ule Blyth walikuwa wanacheza Northern League, na ligi hiyo haikuwa na mlango wa kupandia. Timu iliyoitoa jasho klabu ya kulipwa ya Wrexham mara mbili isingepanda kwenda popote hata kama ingemaliza msimu bila kupoteza mechi. Na mlango ulipoletwa baadaye, wakuu wa ligi wenyewe waliukataa, na sababu zao hazikuwa za kijinga. Tukiutazama mlango huo, ulivyofungwa na ulivyofunguliwa, tutaelewa soka la England la ngazi za chini kuliko tukihesabu makombe.

Mkutano wa Durham

Ligi ya kwanza ya soka duniani, Football League, ilianzishwa mwaka 1888 na klabu za katikati na kaskazini-magharibi mwa England. Klabu za kaskazini-mashariki hazikualikwa. Machi 1889 wajumbe wao wakakutana hotelini katika mji wa Durham na kuunda ligi yao, wakaiita Northern League. Ilianza na timu 10, zikiwemo Darlington, Stockton, Middlesbrough, na mbili za mji wa Newcastle: East End na West End. Bingwa wa kwanza alikuwa Darlington St Augustine's, timu iliyotoka parokia ya Kikatoliki.

Miaka michache baadaye West End ilikufa, East End ikahamia uwanja wake wa St James' Park, na mwaka 1892 ikabadili jina na kuwa Newcastle United. Kwa hiyo klabu ambayo mashabiki wetu huitazama mwishoni mwa wiki kwenye vibanda umiza, ikicheza na Liverpool au Arsenal, ilipitia kwenye ligi hii. Middlesbrough nao waliondoka, wakajiunga na Football League mwaka 1899. Sura hiyo imejirudia katika historia nzima ya ligi hii: inalea, na wenye nguvu wanahama.

Hapo mwanzo ligi ilichanganya klabu zilizolipa wachezaji na zile za ridhaa. Mchanganyiko huo ulileta mvutano, na kufikia mwaka 1906 klabu za kulipwa zilikuwa zimejitoa. Northern League ikabaki ligi ya ridhaa tupu, na ikadumu hivyo kwa karibu miaka 70.

Wachimba makaa Turin, kocha Barcelona

Ukitaka kujua ridhaa ilikuwa na maana gani katika mkoa wa Durham, anzia West Auckland, kijiji cha wachimba makaa. Mwaka 1909 timu yake ilisafiri hadi Turin, Italia, kushindania kombe lililotolewa na Sir Thomas Lipton, mfanyabiashara maarufu wa chai. Wachezaji walichimba makaa kwa ujira wa kubahatisha, na baadhi yao walilazimika kuuza au kuweka rehani vitu vya nyumbani ili kupata nauli. Wakalichukua kombe kwa kuifunga Winterthur ya Uswisi 2-0. Mwaka 1911 wakarudi kulitetea, na kwenye fainali wakaifunga Juventus 6-1.

Safari ile iliiachia klabu madeni. Kombe likawekwa rehani kwa pauni 40 kwa mama mwenye hoteli ya pale kijijini, na likakaa nje ya mikono ya klabu hadi mwaka 1960 lilipokombolewa kwa pauni 100. Mwaka 1994 likaibwa na halijaonekana tena. Lililopo sasa ni nakala. Klabu ilikuwa imeifunga Juventus mabao sita, na bado haikuwa na uwezo wa kubaki na kombe lake. Maisha ya ngazi za chini ndivyo yalivyokuwa: ushindi ulikuja bila fedha, na wakati mwingine ushindi wenyewe ndio ulioleta deni.

Katika kikosi kilichokwenda Turin mwaka 1909 alikuwemo kijana wa Crook, mji wa jirani, aliyeitwa Jack Greenwell. Alihamia Hispania, akaichezea Barcelona, kisha akaifundisha kwa miaka sita mfululizo kuanzia 1917, na akarudi tena miaka ya 1930. Mwaka 1939 aliiongoza Peru kutwaa ubingwa wa Amerika Kusini. Kabla ya vita kuu ya kwanza na baada yake, Crook Town walisafiri hadi Barcelona na kucheza nao zaidi ya mara moja. Ligi iliyoonekana ya vijijini ilikuwa na miguu mirefu.

Bishop Auckland na zama za ridhaa

Klabu iliyotawala zama hizo ni Bishop Auckland. Ilitwaa ubingwa wa Northern League mara 19 na Kombe la FA la Ridhaa mara 10, rekodi ambayo haitavunjwa kwa sababu kombe lenyewe halipo tena. Mara tatu kati ya hizo zilifuatana: 1955, 1956 na 1957. Mwaka 1954 walikutana fainali na Crook Town, majirani na wapinzani wao wa ligi. Watu 100,000 walikuja Wembley kutazama miji miwili midogo ya makaa. Ikaisha sare ya 2-2. Wakarudiana Newcastle, ikawa 2-2 tena. Mara ya tatu, Middlesbrough, Crook wakashinda 1-0. Wachezaji wote 22 kwa sheria walikuwa hawalipwi hata senti.

Kwa sheria, ndiyo. Wenyeji walijua habari za pesa ya kiatuni: mchezaji anaingia chumba cha kubadilishia nguo baada ya mechi, anakuta noti zimeingizwa ndani ya kiatu chake, na hakuna anayeuliza. Klabu yenye watazamaji maelfu ilikusanya viingilio vya kutosha, na mchezaji mzuri alijua thamani yake. Unafiki huu ulikuwepo nchi nzima, na ndio uliokuja kuua soka la ridhaa kwenye vitabu vya sheria.

Hata hivyo vipaji vilikuwa vya kweli. Seamus O'Connell alikuwa mshambuliaji wa ridhaa wa Bishop Auckland aliyeichezea pia Chelsea. Mechi yake ya kwanza Chelsea, mwaka 1954, aliwafunga Manchester United mabao matatu ingawa timu yake ililala 6-5. Msimu huohuo alichukua ubingwa wa England akiwa na Chelsea na Kombe la Ridhaa akiwa na Bishop Auckland. Frank Clark, beki wa Crook Town aliyetwaa Kombe la Ridhaa mwaka 1962, alikuja kuchukua Kombe la Ulaya na Nottingham Forest mwaka 1979.

Kisha ikaja Februari 1958. Ndege iliyowabeba Manchester United ilianguka Munich, na wachezaji wanane wakafa. Klabu ilibaki na mechi za kucheza na wachezaji wachache wa kuzicheza. Kocha Matt Busby, aliyekuwa amelazwa hospitali, aliwafahamu vizuri watu wa Bishop Auckland: mchezaji wao Bob Hardisty alicheza chini yake kwenye timu ya Uingereza ya Olimpiki ya London mwaka 1948. Hardisty, Derek Lewin na Warren Bradley wakaenda Manchester kusaidia, hasa timu ya akiba, ili vijana waliopandishwa timu ya kwanza waachiwe nafasi. Bradley, winga aliyekuwa mwalimu wa shule, akabaki. Mwaka 1959 aliitwa timu ya taifa ya England na kufunga mabao mawili katika mechi tatu. Ndani ya msimu mmoja aliichezea England ya ridhaa na England kamili.

Nalieleza kwa urefu kwa sababu wapo wanaodhani ligi ya chini ni mahali pa waliokosa uwezo. Klabu kubwa kuliko zote England, ilipokuwa imeanguka, ilitazama Durham.

Walivyoukataa mlango

Mwaka 1974 Chama cha Soka cha England, FA, kikafuta tofauti kati ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa mchezaji tu. Kombe la Ridhaa likafa mwaka huohuo, na mahali pake kwa klabu ndogo pakaja Kombe la FA Vase. Kwa Northern League hilo lilikuwa pigo la heshima. Ligi iliyokuwa kilele cha dunia yake iliamka na kukuta dunia hiyo imeondolewa.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa yanakuja. Mwaka 1968 ilikuwa imeanzishwa Northern Premier League, ligi pana iliyovuta klabu kutoka kaskazini nzima ya England. Mwaka 1979 klabu bora za nje ya Football League zikaunda ligi ya kitaifa, ile inayoitwa National League leo. FA na wakuu wa ligi wakaanza kupanga ligi za chini katika ngazi moja inayoungana: ukishinda hapa unapanda pale, ukishindwa unashuka. Northern League ikaalikwa iwe ngazi ya kulisha Northern Premier League. Ikakataa, na baadaye ikakataa tena.

Ni rahisi leo kuwalaumu. Lakini tuwasikilize. Ligi yao ilikuwa na umri wa karibu karne moja; iliyowaita wawe chini yake ilikuwa haijafikisha hata miaka 15. Safari zao ndefu zilikuwa za saa moja au zaidi kidogo. Kule zingekuwa za kuvuka milima ya Pennines kwenda Lancashire na Cheshire, usiku wa katikati ya wiki, kwa wachezaji ambao asubuhi wana zamu mgodini au kiwandani. Mahasimu waliojaza viwanja walikuwa majirani: Bishop Auckland na Crook, Shildon na Spennymoor, Blyth na Whitley Bay. Nani angelipa kiingilio kuwatazama wageni kutoka mji asioujua?

Walichokosa kukihesabu ni kwamba ngazi ingejengwa bila wao. Mwaka 1987 kupanda moja kwa moja kuingia Football League kukaruhusiwa, na Scarborough wakawa wa kwanza kunufaika. Mwaka huohuo Northern Premier League ikaongeza daraja la pili chini yake. Ghafla kila klabu yenye ndoto ilitaka kuwa ndani ya mfumo. Mwaka 1988 Bishop Auckland na Whitley Bay wakaondoka. Northern League ilipokubali hatimaye, mwaka 1991, ikawekwa chini ya daraja hilo jipya. Mwaka 1994 Blyth Spartans nao wakahama. Na zilipoanzishwa mwaka 2004 ligi mbili mpya zinazoitwa leo National League North na South, kila aliye chini alisogezwa ngazi moja zaidi. Ligi iliyojaza Wembley mwaka 1954 ikajikuta katika ngazi ya tisa.

Kiburi kiliwagharimu ngazi mbili au tatu. Lakini naona pia walikuwa na hoja ambayo wenye ngazi walichelewa kuijibu, na hoja yenyewe ni umbali.

Inavyofanya kazi sasa

Mfumo wa England unakwenda hivi. Juu kabisa ni Ligi Kuu, kisha ligi tatu za EFL, yaani Football League ya zamani. Hizo ni ngazi nne za kwanza. Ya tano ni National League, inayochezwa nchi nzima. Kuanzia ya sita ramani inakatwa: kwanza kaskazini na kusini, kisha vipande vinne, kisha vinane, na katika ngazi ya tisa vipande 16. Kimoja kati ya hivyo 16 ni Daraja la Kwanza la Northern League. Chini yake, ngazi ya 10, lipo Daraja la Pili la ligi hiyohiyo, lililoanzishwa mwaka 1982. Daraja hilo hupokea klabu kutoka ligi za chini zaidi kama Northern Alliance na Wearside League, ambako timu ya baa au ya kituo cha wafanyakazi inaweza kuanzia.

Maana yake ni kwamba kila unavyoshuka, eneo linapungua ukubwa. Hekima ya piramidi hii ni kwamba umbali wa safari unapaswa kulingana na uzito wa mfuko.

Bingwa wa Daraja la Kwanza hupanda moja kwa moja kwenda Northern Premier League. Wa pili hadi wa tano huingia mchujo kugombea nafasi nyingine. Lakini pointi pekee hazitoshi. FA hupanga viwanja kwa viwango, na klabu isiyofikia kiwango haipandi hata ikiwa bingwa. Wakaguzi hutazama taa za uwanjani, uzio unaozunguka eneo la kuchezea, njia ngumu ya kusimama watazamaji ili wasikanyage matope, idadi ya viti na sehemu zenye paa, ukubwa wa vyumba vya kubadilishia nguo, hata chumba cha waamuzi wa kike na wa kiume. Kwa klabu inayoingiza watazamaji mia chache, kuongeza jukwaa dogo la viti ni mradi wa miaka.

Kila mwisho wa msimu FA hukaa na ramani na kugawa klabu upya. Klabu inaweza kuhamishwa kando, kutoka ligi moja kwenda nyingine ya ngazi hiyohiyo, ili hesabu ya timu na umbali vikae sawa.

Fedha zinatoka wapi? Kiingilio mlangoni, pauni chache tu. Baa ya klabu, ambayo kwa wengi ndiyo moyo wa bajeti. Kibanda cha chai na pai za moto. Bahati nasibu ya nusu mechi. Mabango ya fundi bomba na duka la nyama la pale mjini kuzunguka uwanja. Wapo wachezaji wanaopewa posho ya wiki, wapo wanaorudishiwa mafuta ya gari tu. Anayekata nyasi, anayefua jezi, anayeandika kijarida cha mechi na anayekusanya viingilio, hao wote mara nyingi ni watu wa kujitolea, na si ajabu mmoja akafanya kazi mbili au tatu kati ya hizo.

Zawadi kubwa ni Kombe la FA. Klabu za ngazi hii huanza Agosti, raundi ya awali kabisa, na zinahitaji kushinda raundi sita ndipo zifike raundi ya kwanza rasmi, ambako klabu za ligi mbili za chini za EFL huingia. Kila raundi ina fedha zake za ushindi, na raundi mbili tatu zinaweza kulipia msimu mzima wa mabasi.

Halafu kuna baridi. Uwanja wa Tow Law Town uko juu ya kilima, karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake unajulikana ligi nzima. Januari mwamuzi hufika asubuhi, hukanyaga nyasi kwa kisigino kuona kama zimeganda, na mechi huahirishwa. Viporo vinarundikana hadi Aprili, timu zinacheza mara tatu kwa wiki chini ya taa. Katika kilima hichohicho alilelewa kisoka Chris Waddle, kijana aliyekuwa akifanya kazi kiwandani. Newcastle United walimchukua mwaka 1980 kwa pauni 1,000, na mwaka 1990 alikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia na England.

Miaka ya Vase na bei ya kupanda

Makaa ya mawe yaliisha. Migodi ya magharibi mwa Durham ilifungwa mapema, na ile ya pwani ikafuata. Mgodi wa Easington, ambao klabu yake ilicheza Northern League, ulifungwa mwaka 1993. Karakana za reli za Shildon, mji ambako treni ya kwanza ya reli ya Stockton na Darlington ilianzia safari yake mwaka 1825, zilifungwa mwaka 1984. Miji ilipoteza ajira, vijana na maduka. Klabu ya soka ikabaki kati ya vitu vichache vyenye jina la mji juu yake.

Hapo ndipo ligi ilipofanya jambo ambalo wachambuzi wengi hawakulitarajia. Kati ya 2009 na 2017, katika fainali tisa za FA Vase, klabu ya Northern League ilishinda nane. Whitley Bay, waliokuwa wamerudi kwenye ligi, walichukua tatu mfululizo. Wakafuata Dunston, Spennymoor Town, North Shields, Morpeth Town na South Shields. Mwaka 2012 fainali yote ilikuwa ya ligi moja: Dunston dhidi ya West Auckland, wale wale wa Turin. Fainali ya 2020, iliyochelewa hadi Mei 2021 kwa sababu ya korona, ilikuwa hivyohivyo: Hebburn Town 3, Consett 2, Wembley ikiwa tupu.

Swali ni kwa nini. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba klabu nzuri zilikuwa hazipandi. Bingwa alitazama ramani ya Northern Premier League, akahesabu mabasi, akahesabu wachezaji watakaoomba ruhusa kazini, akaamua kubaki. Kwa hiyo timu zenye uwezo wa ngazi ya nane au ya saba zilikuwa zinacheza ngazi ya tisa, na zilipokutana na wa kusini zikawazidi. Makombe yale yalikuwa fahari, na papo hapo yalikuwa ushahidi kwamba ngazi imeziba mahali fulani.

FA ikajibu kwa kubana: bingwa mwenye uwanja unaokidhi viwango lazima apande. Baadaye ikafanya lililopaswa kufanywa mapema, ikagawa upya daraja la chini la Northern Premier League. Tangu 2021 klabu za kaskazini-mashariki ziko katika kundi la Mashariki, ambalo halizivushi Pennines kama zamani. Bado safari za kwenda Lincolnshire zinaweza kuzidi kilomita 200 kwenda peke yake.

Mfano wa wanaoweza kupanda ni South Shields. Mwaka 2013 klabu ilipoteza uwanja wake na kulazimika kucheza mechi za nyumbani Peterlee, mbali kusini mwa mji wao, mbele ya watazamaji wachache sana. Mwaka 2015 mfanyabiashara Geoff Thompson akaununua uwanja ule wa zamani na kuwarudisha nyumbani. Julio Arca, Mwargentina aliyewahi kuichezea Sunderland na Middlesbrough, akajiunga nao. Msimu wa 2016/17 wakatwaa makombe manne: ubingwa wa ligi, kombe la ligi, kombe la mkoa wa Durham na FA Vase, kwa ushindi wa 4-0 dhidi ya Cleethorpes Town. Wakapanda, msimu uliofuata wakapanda tena. Machi 2020 walikuwa wakiongoza Northern Premier League kwa pointi 12, korona ikaingia, na FA ikafuta msimu mzima kana kwamba haukuchezwa. Ikabidi wasubiri hadi 2023 kufika National League North.

Na mfano wa wanaoangukia kwenye ligi hii na kunyanyuka ni Darlington, mmoja wa waanzilishi wa 1889. Baada ya miongo mingi ndani ya Football League, klabu ilianguka kwa madeni, na mwaka 2012 mashabiki wakaianzisha upya. FA ikaipangia Northern League. Haikuwa hata na uwanja. Ilicheza nyumbani kwa Bishop Auckland. Ilitwaa ubingwa msimu huohuo, na kufikia 2016 ilikuwa imepanda mara tatu.

Kilichobaki kusemwa

Nchi nyingi, yetu ikiwemo, huzungumzia piramidi ya soka ya England kama kitu cha kuigwa, na wengi hutazama juu tu: haki za televisheni, viwanja, nyota. Northern League inafundisha lililo chini. Ngazi haijengwi kwa kutangaza kwamba bingwa wa mkoa anapanda. Inajengwa kwa kuuliza bingwa huyo atasafiri kilomita ngapi, siku gani ya wiki, kwa nauli ya nani, na kama uwanja wake utakaguliwa kwa viwango anavyoweza kuvifikia kwa miaka mitatu badala ya miezi mitatu. England yenyewe ilichukua miongo kuyajibu maswali hayo, na klabu zililipia kila mwaka wa kuchelewa.

Wakuu wa Northern League walikosea kuufunga mlango. Klabu kama Blyth ya 1978 ilistahili pa kwenda, na kizazi kizima cha wachezaji hawakupata. Lakini hawakukosea waliposema kwamba mechi ya jirani na jirani ndiyo inayoifanya klabu ya mji mdogo iishi. Mambo hayo mawili yanatakiwa pamoja: mlango wazi kwa anayeweza, na ligi ya nyumbani yenye heshima kwa anayechagua kubaki. Chama chochote cha soka kinachopanga ligi zake za mikoa kianze na hayo, na kiwaulize kwanza wanaokata nyasi.